Kamba ya Pampu Ikikatika, Usikimbilie Kufungua Springi

Leo tuache kidogo mbegu na mbolea, tuongelee kitu kidogo kilichopo kwenye pampu yako ya petroli ambacho kinaweza kukutoa jicho. Ni ile springi ya stata, inayorudisha kamba ndani kila ukishavuta.

Nimeamua kuandika baada ya kumtembelea kijana mmoja mwenye bustani ya chainizi na mchicha upande wa Chamazi. Kamba ilimkatikia asubuhi, jua la Januari, matuta yamekauka, na mteja wa sokoni anasubiri mzigo kesho yake. Fundi hapokei simu. Jamaa akachukua spana, akafungua stata mwenyewe, akalegeza bolti ya katikati na kuinua puli huku ameinama achungulie ndani. Springi ikafyatuka. Ilimchana vidole viwili na chini ya jicho. Ingepanda kidogo tu, leo angekuwa anaongelea jicho lililopotea badala ya chainizi iliyonyauka.

Nilipomuuliza, akaniambia: "Afisa, mimi nilijua kamba ikikatika springi inakuwa imelegea." Hapo ndipo wengi tunapokosea.

Springi hailegei kabisa

Springi ya stata ni bapa refu la chuma chembamba, limeviringishwa mara nyingi kama futi ya fundi cherehani na kubanwa ndani ya kasha. Ukivuta kamba, inakaza zaidi. Ukiachia, inazungusha puli na kamba inarudi. Kamba ikikatika, ule mkazo wa kuvuta unaisha, ni kweli. Lakini springi yenyewe bado imebanwa ndani ya kasha dogo na inatafuta pa kutokea. Kinachoizuia ni puli iliyokaa juu yake. Ukiinua puli, umeifungulia mlango. Na kingo zake ni kali kama wembe.

Kamba tu ndiyo imekatika? Acha springi ilipo

Pampu nyingi tunazotumia huku Bunju, Mabwepande, Toangoma na Mbagala, zile za inchi mbili na tatu, unaweza kuzibadilishia kamba bila kugusa bolti ya katikati. Fanya hivi:

1. Zima injini, iache ipoe, funga petroli, kisha chomoa kofia ya plagi. Hii usiiruke.

2. Fungua bolti zinazoshika kasha la stata, litoe lote kama lilivyo. Lipige picha kwa simu ili ukumbuke kamba ilivyokuwa imepita.

3. Zungusha puli kwa mkono, kuelekea upande uleule inakozunguka unapovuta kamba, mpaka igome. Usilazimishe. Kisha irudishe taratibu, isizidi mzunguko mmoja, mpaka tundu la kamba kwenye puli litazamane na tundu la kwenye kasha.

4. Ibane hapohapo kwa koleo la kujifunga, lile mafundi wanaliita vaisigripu. Usitegemee kidole.

5. Pitisha kamba mpya ya nailoni, unene na urefu sawa na ya zamani. Funga fundo, choma ncha kwa kiberiti isifumuke, kisha funga mpini.

6. Shika puli vizuri, toa koleo, acha kamba iingie polepole. Usiiachie ijirudie kwa kishindo.

Mwisho ipime. Mpini ukae umebana kwenye kasha, usining'inie. Ukivuta kamba mpaka mwisho, puli ibaki na uwezo wa kuzunguka kidogo zaidi. Kama haina nafasi hata kidogo, springi imekazwa kupita kiasi na itakatika muda si mrefu.

Kama tatizo ni springi yenyewe

Dalili ni hii: kamba ni nzima lakini ukivuta hairudi, inabaki inaning'inia. Kwanza safisha, maana mara nyingine ni mchanga na matope tu yamekamata puli. Ikigoma bado, ushauri wangu wa kwanza ni kununua stata nzima, kasha na kila kitu ndani. Unafunga bolti zako, unawasha, unamwagilia. Au mpelekee fundi mwenye uzoefu. Hakuna aibu.

Ukiamua kuifungua mwenyewe, basi kwa masharti haya:

Vaa miwani ya kukinga macho na glavu nzito. Miwani ya jua haisaidii. Watoto na watazamaji wakae mbali.

Punguza mkazo kwanza. Kama kamba bado ipo, ivute kama futi moja, bana puli, fungua fundo la mpini, kisha iachie puli irudi taratibu chini ya kidole gumba chenye glavu mpaka isiwe na nguvu ya kuzunguka.

Uso usiwe juu ya kasha. Legeza bolti ya katikati, kisha inua puli kidogokidogo huku ukiitikisa kushoto na kulia ili ndoano ya springi iachie na springi ibaki chini. Ukihisi springi inapanda pamoja na puli, irudishe chini, tikisa tena.

Kutoa springi ya zamani usiivute kwa plaizi. Weka kasha kifudifudi ndani ya ndoo, funika kwa gunia, gonga mgongo wa kasha. Ifyatukie humohumo kwenye ndoo.

Springi mpya kwa kawaida huja imefungwa kwa waya au pete. Usikate waya ukiwa umeishika mkononi. Iweke kwanza ndani ya kasha, ndoano ya nje ikae sehemu yake, uibane, ndiyo utoe waya. Hakikisha imeelekea upande uleule kama ile ya zamani. Angalia picha yako.

Ujanja wa kuepuka

Najua kuna wanaotoa kasha na kuzungushia kamba moja kwa moja kwenye flaiwili ili wawashe haraka. Jamani, acheni. Injini ikishika na kamba ikajinasa, inakuvuta mkono, na pale hakuna kifuniko chochote.

Ukipata jeraha la jicho, usilisugue, usilikandamize, na kama kuna kitu kimechoma usikichomoe. Funika kwa kikombe safi kisichogusa jicho, nenda hospitali yenye kitengo cha macho saa hiyohiyo. Usisubiri mpaka umalize kumwagilia.

Kamba idumu

Kamba nyingi zinakatika kwa sababu ya uvutaji wetu. Vuta polepole mpaka usikie uzito, kisha vuta kwa nguvu, kwa kufuata tundu, si kwa upande. Rudisha mpini kwa mkono, usiuachie. Kila wiki angalia kamba ilipochakaa. Ukiona nyuzi zimeanza kutoka, badilisha siku ambayo huna haraka. Weka kamba ya akiba, koleo na miwani kwenye boksi moja na pampu.

Yule kijana wa Chamazi vidole vimepona. Siku ile mimi na yeye tulimwagilia kwa ndoo kutoka kisimani hadi giza likaingia, na sehemu ya matuta tuliyapoteza. Chainizi unapanda tena. Jicho hupandi.

Tukutane shambani.