Kompyuta ya Kazini: Kweli, Si Kweli na Nusu Kweli

Mtu anayeishi mtaa wa Hewa Bora na kufanya kazi ya ofisi mjini Lubumbashi hujifunza kompyuta zaidi kwa wenzake kuliko darasani. Humsikiliza Mama wa sekretarieti aliyemtangulia, Papa wa hesabu aliyeanza kazi enzi za Windows 98, na kijana wa kibanda cha fotokopi karibu na nyumbani. Mengi wanayomwambia ni ya kweli. Mengine yalikuwa kweli zamani. Mengine hayajawahi kuwa kweli, lakini yanarithishwa kwa sababu yalizaliwa na hasara ambayo watu waliiona kwa macho: ripoti iliyokatiwa umeme katikati, flashi iliyomeza mafaili ya mwezi mzima. Nimeyapanga hapa kuanzia yale yanayoogopwa na kila mtu hadi yale yasiyomsumbua mtu yeyote. Haya ya mwisho, kwa maoni yangu, ndiyo yanayotuumiza zaidi, na ndiyo nitakayokaa nayo.

"SNEL wakikata umeme, kazi yote imekwenda."

Nusu kweli. Word na Excel hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, hata kama hukuziagiza. Umeme ukirudi, fungua programu ileile na utazame ubavuni mwa skrini: nakala zilizookolewa huorodheshwa hapo. Ulichopoteza ni kazi ya dakika za mwisho tu. Katika mji kama wetu dakika 10 ni nyingi. Ingia Fichier, kisha Options, kisha Enregistrement, uzipunguze ziwe 2.

Wengine hukiona kile kitufe cha Enregistrement automatique juu ya ukurasa wakadhani kinawalinda. Kinafanya kazi kwa mafaili yaliyohifadhiwa OneDrive au SharePoint peke yake. Faili lililo kwenye folda ya kompyuta yako bado linategemea kidole chako: Ctrl na S.

"Tuna onduleur, tunaweza kuendelea na kazi."

Si kweli. Onduleur, zile mashine ndogo za akiba ya umeme zinazokaa chini ya meza, zimetengenezwa ili upate dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu. Ukizitumia hadi betri iishe kila siku, betri itakufa mapema, na siku utakayoihitaji kweli haitakupa hata dakika moja. Usichomeke printa ya leza kwenye matundu yake yanayolindwa na betri. Ndani ya printa hiyo kuna sehemu inayopashwa moto ili wino wa unga ushike kwenye karatasi, na inapowaka huvuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja. Mwenye kompyuta ya mkononi hana wasiwasi umeme unapokatika, maana betri yake inamshika. Hatari yake iko kwenye kurudi kwa umeme: chomoa waya ukikatika, na usubiri utulie kabla ya kuuchomeka tena.

"Mafaili yamegeuka raccourci, basi yamefutika."

Si kweli, na uongo huu umepoteza kazi za watu bila sababu. Unaipeleka flashi kwenye kibanda ukachapishe barua. Ukirudi ofisini, kila folda imekuwa ikoni yenye mshale mdogo. "Mama, zimekwenda," anakuambia kijana wa ofisini, "tuiformate tu." Mzuie. Virusi vya aina hii havifuti kitu: huyaficha mafaili yako na kuweka vinyago vyenye majina yaleyale. Kila unapobofya kinyago unaviruhusu viingie kwenye kompyuta hiyo, na flashi nyingine itakayochomekwa hapo itaambukizwa pia.

Kwa hiyo usibofye chochote ndani ya flashi. Kwanza ipitishe kwenye antivirus iliyosasishwa. Kisha fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Amri hiyo inaondoa alama za kufichwa, na folda halisi zinaonekana tena pamoja na vilivyomo. Baada ya hapo futa vile vinyago. Kwa kazi ya kuchapisha tu, beba flashi ya pili isiyo na kitu kingine zaidi ya hicho unachokwenda kuchapa.

Kuhusu kubonyeza Éjecter kabla ya kuchomoa: tangu toleo la Windows 10 la Oktoba 2018, mfumo umepangwa ili flashi iweze kutolewa haraka. Lakini ukiichomoa wakati kunakili bado kunaendelea, faili linaweza kuharibika leo kama zamani.

"Masasisho ya Windows yanakula megabaiti bure."

Si kweli, ingawa nafahamu vema bei ya megabaiti. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, programu hasidi ya WannaCry ikapita katika tundu hilohilo, ikafunga kompyuta duniani kote na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa. Mwenye sasisho la miezi miwili nyuma alikuwa na kinga. Ikiwa ofisi inatumia intaneti ya kununua kwa kipimo, iweke kwenye Connexion limitée ili ninyi wenyewe mchague saa ya kupakua. Halafu washa Optimisation de la distribution kwa mtandao wa ndani, ili kompyuta moja ikishapakua nyingine zichukue kwake. Na mjue kwamba masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

"Navigation privée inaficha unachotazama kazini."

Si kweli. Inafuta historia kwenye kompyuta hiyo tu. Anayesimamia mtandao wa ofisi bado anaweza kuona tovuti ulizotembelea.

"Neno la siri libadilishwe kila baada ya miezi michache."

Ilikuwa kanuni, sasa si kweli. Mmarekani Bill Burr ndiye aliyeandika mwaka 2003, kwa ajili ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwongozo uliosambaza desturi hiyo. Mwaka 2017 taasisi iliandika mwongozo mpya ulioacha kanuni hiyo, na Burr mwenyewe akasema hadharani kwamba anajutia mengi aliyoyaandika. Mtu anayelazimishwa kubadilisha neno mara kwa mara huongeza tarakimu mwishoni, 1 ikawa 2, na mwizi analijua hilo. Neno refu la maneno kadhaa yasiyohusiana, usilolitumia mahali pengine, linatosha hadi pale unapohisi limevuja.

Ndugu wa karibu wa uongo huo ni huu: "Kumpa mwenzangu neno langu la siri ni kumsaidia." Hapa nasema kwa uzito, hasa kwa wale wanaotayarisha matamko ya forodha. Sydonia World, mfumo uliotengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la CNUCED na unaotumiwa na forodha yetu, DGDA, humtambua kila mtu kwa jina lake la kuingilia, na lililofanywa huandikwa kwa jina hilo. Tamko lenye uzito au thamani isiyo sahihi likitoka kwenye akaunti yako ukiwa umelala nyumbani, mfumo unakujua wewe. Zaidi ya hapo, tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina Sheria ya Kidijitali, nambari 23/010, inayoadhibu kuingia bila ruhusa katika mifumo ya kompyuta. Anayetaka kusaidiwa na aombe akaunti yake mwenyewe.

"Excel ya Kifaransa haielewani na Excel ya Kiingereza."

Malori yanayopita mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa yanakuja na karatasi, na karatasi zinakuja na mafaili. Sisi tunafanya kazi kwa Kifaransa. Wenzetu wa Ndola na Kitwe kwa Kiingereza. Watu wanaogopa kwamba SOMME haitajulikana upande wa pili. Si kweli: ndani ya faili la xlsx fomula haifungwi na lugha, nayo ikifunguliwa Zambia hujionyesha kama SUM yenyewe. Namba na tarehe zilizohifadhiwa humo nazo zinavuka salama. Fomula ninayoijua kwa kuvuruga watu ni TEXTE inayotumia "jj/mm/aaaa": zile herufi zilizo ndani ya alama za kunukuu hazitafsiriwi.

Shida iko kwenye faili la csv, na kwenye kitu ulichonakili kutoka barua pepe na kukibandika. Kwetu sehemu ya desimali hutengwa kwa mkato, kwao kwa nukta. Chukua orodha yenye tani 12.5, 8.75 na 30. Excel iliyopangwa kwa Kifaransa cha Ufaransa huiona 30 kuwa namba, lakini 12.5 na 8.75 inaziweka kama maneno. Ukipiga SOMME unapata 30 badala ya 51,25. Hakuna rangi nyekundu, hakuna onyo; SOMME huyaruka maneno kimya kimya. Jicho peke yake linaweza kukuokoa: namba hukaa kulia mwa seli, maneno hukaa kushoto. Ukiona safu ya tani imechanganyika kushoto na kulia, simama. Chagua safu, nenda Données, kisha Convertir, na katika hatua ya mwisho bonyeza Avancé uiambie kwamba desimali ni nukta.

Tarehe ni mbaya zaidi. Kompyuta nyingi huja zikiwa na mpangilio wa Marekani, mwezi mbele, na hakuna aliyeubadilisha. Kwenye mashine hiyo 05/07 ya csv, tarehe 5 Julai, inageuka 7 Mei na kukaa kulia kama tarehe halali. 25/07 inabaki neno kushoto, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Kwa hiyo siku 12 za kwanza za mwezi ndizo zinazodanganya, na zile za baadaye ndizo zinazokushtua. Ukiona tarehe za mwisho wa mwezi zimekaa kushoto, usizirekebishe hizo peke yake: za mwanzo pia zimeshapinduka.

"Faili limefunguka bila onyo, basi liko sawa."

Si kweli. Kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba 2020, idara ya afya ya umma ya Uingereza iliacha nje ya hesabu wagonjwa 15 841 wa korona. Data ilipitishwa kwenye faili la mtindo wa zamani, xls, ambalo mwisho wake ni mistari 65 536. Iliyozidi haikuingia, na waliotakiwa kuwafuatilia waliokutana na wagonjwa hao walichelewa.

Ofisi ya Lubumbashi haina mistari mingi hivyo. Lakini ina orodha ya mishahara, na orodha ya mishahara ina nambari za akaunti za benki. Excel hushika tarakimu 15 za namba. Kuanzia ya 16 huzigeuza sifuri. Nambari kamili ya akaunti kwetu ni ndefu kuliko hapo, na ukiiandika bila vistari katika seli ya kawaida, mkia wake unapotea mara tu ubonyezapo Entrée. Sifuri za mwanzoni nazo hudondoka, kama zinavyodondoka kwenye nambari za simu. Kabla ya kuandika, chagua safu nzima na uiweke kwenye Texte, kisha ndipo uanze. Kuiweka Texte baadaye hakusaidii: tarakimu zilizokwisha kugeuka sifuri hazimo tena katika faili, na inabidi kila nambari iandikwe upya kutoka kwenye karatasi ya benki ya mfanyakazi mwenyewe.