Motokaa Kuukuu Inapopungua Nguvu

Kila mtu aliyepata kusafiri kutoka Mjini kwenda mashamba ameliona jambo hili. Gari limejaa watu na mizigo, limekwenda vizuri katika njia ya tambarare, lakini lilipofika penye mpando likaanza kutweta kama mzee mwenye pumu. Gia ikarudishwa ya pili, kisha ya kwanza, na wenye baiskeli wakalipita. Hapo mwenye gari husikitika akasema, "Mtambo umekwisha." Twapenda kuwaeleza wasomaji wetu ya kwamba neno hilo mara nyingi si kweli, na tena ni neno la gharama kubwa. Mtu akiliamini huuza ng'ombe wake au huweka shamba lake rehani apate kununua mtambo mwingine, na huenda ubovu wenyewe ulikuwa kitu cha kutengenezwa kwa saa moja.

Twamjua mwenye gari mmoja wa pwani ya mashariki, ambaye gari lake dogo lilikuwa likichukua abiria asubuhi na matenga ya samaki jioni. Likapungua nguvu kidogo kidogo, hata usiku mmoja walipokuwa wakimpeleka mama mjamzito hospitali ya Mnazi Mmoja ikawalazimu vijana washuke walisukume. Mama yule alifika salama, alhamdulillahi, lakini watu waliogopa sana. Fundi wa kwanza alisema mtambo ubadilishwe. Mwenye gari alikwisha kukusanya nusu ya fedha, ndipo mzee mmoja, dereva wa zamani, alipomwuliza, "Mwanangu, umeligusa gurudumu la nyuma?" Walipopeleka kiganja karibu na gurudumu baada ya safari fupi, waliona moto kama wa jiko. Maji ya chumvi yaliyodondoka katika matenga ya samaki yalikuwa yameingia katika waya wa breki ya mkono ukashika kutu, na breki haikuwa ikiachia. Mtambo ulikuwa mzima. Ulikuwa ukivuta gari lililofungwa breki siku zote.

Basi, somo la kwanza ndilo hilo: kabla ya kuulaumu mtambo, tujue kama ni mtambo uliodhoofu au ni gari linalozuiwa. Liweke gari mahali pa sawasawa, mtambo umezimwa, gia haikuingizwa, nawe ulisukume. Gari dogo la watu lapasa kusogea kwa nguvu za mtu mmoja au wawili. Lisiposogea, tazama breki, na tazama upepo wa magurudumu. Kisha tazama klachi. Dalili ya klachi iliyolika ni kwamba mtambo hupiga kelele nyingi lakini mwendo hauzidi, na pengine husikika harufu ya kitu kinachoungua. Wala usisahau mzigo: gari lililotengenezwa kwa watu 10 likipakia 20 na magunia juu ya paa, hilo halina ugonjwa, bali limeonewa.

Ikionekana gari lasogea vyema na klachi inashika, ndipo tugeukie mtambo. Yafaa kwanza tuelewe unavyofanya kazi. Mtambo wa petroli unaofuata mipigo minne, ambao Mjerumani Nikolaus Otto aliufanikisha mwaka 1876, na ule wa dizeli, uliofanyizwa na Rudolf Diesel katika miaka ya 1890, yote miwili yaishi kwa mambo manne: hewa, mafuta, moto na kubana. Hewa huvutwa ndani ya silinda, huchanganywa na mafuta, hubanwa na pistoni, kisha huwaka na kuisukuma pistoni chini. Katika petroli moto watoka katika plagi; katika dizeli hapana plagi ya moto, bali hewa hubanwa mno hata ikapata joto la kuyawasha mafuta yenyewe. Mwishoni moshi hutolewa nje, upate kuingia upya wa hewa. Kimoja katika hivyo kikipungua, nguvu hupungua. Kwa hiyo mwenye busara huvipima kimoja kimoja, akianza na kilicho rahisi na kumalizia na kilicho cha gharama.

Hewa ndiyo ya kwanza. Watu wengi hudhani motokaa hula mafuta tu, lakini lita moja ya petroli haiwezi kuungua vizuri mpaka ipate hewa kadiri ya lita 9,000. Hewa yote hiyo hupita katika chujio moja. Katika njia za mawe ya matumbawe upande wa mashariki wa kisiwa, vumbi jeupe ni jembamba kama unga, nalo huziba chujio upesi kuliko vumbi la Mjini. Litoe chujio ulitazame kwenye mwanga wa jua. Ikiwa mwanga haupenyi, libadilishe. Usiliache gari liende bila chujio hata siku moja, maana vumbi hilo likiingia ndani husaga ringi na kuta za silinda kama msasa. Tazama pia mpira unaoleta hewa, kama umepasuka au umejikunja. Tena mwambie mwenzio akanyage kikanyagio cha mafuta mpaka chini, mtambo umezimwa, nawe utazame kama kilango cha hewa kinafunguka chote. Katika magari ya zamani waya wake hurefuka, na dereva hudhani amekanyaga kwa ukamilifu, kumbe kilango kimefunguka nusu.

Pili ni mafuta. Dalili yake ni hii: gari huwaka vizuri, hutulia vizuri likisimama, lakini likitakiwa nguvu hukatakata. Hapo mara nyingi chujio la mafuta limeziba, au pampu imechoka, au tangi lina kutu na maji. Kisiwani kwetu hewa ni ya unyevu mwingi, na tangi linalokaa nusu tupu huingia umande ndani yake. Ukitaka kujua, chukua mafuta kidogo kutoka chini ya tangi au katika chujio, uyatie katika chupa nyeupe ya kioo, uyaache yatulie. Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, kwa hiyo yatakaa chini, nawe utaona mstari. Yafanye hayo mbali na moto wa jiko na sigara. Anayenunua mafuta ya madumu vijijini na ayachuje kabla ya kuyatia.

Tatu ni moto, kwa magari ya petroli. Mtambo ukipoa, zitoe plagi uzipange kwa taratibu ya silinda zake, kwa kuwa plagi husema habari za ndani. Iliyo na rangi ya kahawia hafifu ni njema. Nyeusi yenye masizi makavu yaonyesha mafuta yamezidi au hewa imepungua. Yenye oili mbichi yaonyesha oili inapanda ndani, pengine ringi zimelika. Nyeupe sana yaonyesha joto limezidi au mafuta ni haba. Na silinda moja katika nne isipowaka, robo ya nguvu imepotea, na gari lote hutetemeka.

Moshi nao ni shahidi. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua; katika dizeli tazama chujio la hewa na nozeli. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata mtambo umepata moto, pamoja na maji kupungua katika rejeta, waonyesha maji yanaingia katika silinda, na gari hilo lisiendeshwe tena mpaka litazamwe. Usifungue kifuniko cha rejeta wakati wa moto. Watu wameungua uso kwa haraka hiyo.

Nne ni njia ya kutokea moshi, ambayo wengi huisahau. Bomba likibonyea, au lile sanduku la kusafishia moshi likiziba ndani, mtambo hauwezi kutoa pumzi, na asiyeweza kutoa pumzi hawezi kuvuta nyingine. Gari la namna hii hutulia vyema likisimama, lakini kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo linavyozidi kukosa nguvu.

Tano ni kubana, na hapa ndipo umri wa gari unapoonekana. Magari mengi ya Unguja huletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Gari lililokwenda kilomita 300,000 limekwenda mwendo wa kuizunguka dunia mara saba na nusu, au kutoka Mjini hata Makunduchi na kurudi zaidi ya mara 2,000. Hapana ajabu ringi na valvu zikilika. Lakini lisikisiwe, lipimwe. Fundi huondoa plagi, hutia kipimo katika tundu, kisha huzungusha mtambo kwa stata. Mtambo mzima wa petroli kwa kawaida huonyesha kadiri ya paundi 150 hadi 180 kwa inchi mraba, na silinda zote zapasa kukaribiana. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, fundi hutia kijiko kimoja cha oili katika tundu lile, apime tena. Kipimo kikipanda, ringi ndizo zilizolika, kwa kuwa oili imeziba nafasi zake kwa muda. Kisipopanda, yatazamwe mavalvu na gasketi. Jaribio hilo la oili ni la petroli tu; dizeli hubana mara mbili na zaidi ya hapo, nayo yataka kipimo chake mwenyewe. Silinda zote zikiwa chini kwa pamoja, fundi atazame pia mkanda wa majira: ukiruka jino moja, valvu hufunguka si kwa wakati wake, na mtambo mzima huonekana kama mzee.

Magari yaliyotengenezwa karibuni yana kompyuta na taa ndogo ya mtambo mbele ya dereva. Ikiwaka, mafundi wenye mashine huisoma namba ya kosa. Namba hiyo ni kama ramani ya kijiji. Yakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba. Mashine ikitaja kipima hewa, si lazima kipima hewa kimekufa; huenda kina uchafu, au waya wake umeliwa na kutu ya chumvi, au mpira ulio karibu nacho umepasuka. Wako watu walionunua vitu vitatu kwa kufuata namba moja, na gari likabaki vile vile.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa wenye magari wa mashamba. Fundi akikwambia mtambo umekwisha, usigombane naye, bali umwulize kwa adabu, "Fundi, umepima nini, nacho kimeonyesha nini?" Fundi hodari atafurahi kukuonyesha. Asiye na jibu, mshukuru, uende kwa mwingine. Tena weka daftari katika gari, uandike tarehe, kilomita, mafuta uliyotia, na siku ya kubadili oili na machujio. Gari likianza kula mafuta zaidi kuliko mwezi uliopita, daftari litakwambia kabla ya mpando kukwambia. Na kila jumamosi yaoshe kwa maji baridi matumbo ya gari lililochukua samaki au mwani, maana chumvi hufanya kazi hata usiku tulalapo.

Waliotangulia walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Chujio lililoziba ni ufa, na mtambo mpya ndio ukuta. Mwenye gari katika kijiji hakubeba mali yake tu, bali amebeba wagonjwa wa jirani, watoto wa shule, na mavuno ya watu wasio na njia nyingine ya kufika sokoni. Inampasa ajue gari lake lilivyo hali, kabla ya usiku atakaoamshwa na mtu anayebisha mlango.