Vitabu vilipigwa marufuku, mwandishi akafungwa: wakfu wa Wakurdi unavyotunza kazi za msomi

Kuanzia mwaka 1955, Redio Yerevan ya Armenia, wakati huo ikiwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, ilikuwa na matangazo ya lugha ya Kikurdi. Ng'ambo ya mpaka, katika vijiji vya mashariki mwa Uturuki, Wakurdi walikaa karibu na redio zao na kupunguza sauti ili asisikie mtu wa kwenda kuwasema. Lugha yao haikuwa na nafasi kwenye redio ya nchi yao wala shuleni. Kutoka Yerevan walipata habari, hadithi na nyimbo za dengbêj, yaani waimbaji wanaosimulia kisa kirefu kwa sauti tu, mara nyingi bila ala.

Katika miaka ya mwanzo idhaa hiyo iliongozwa na Casimê Celîl, mshairi aliyekulia katika kituo cha yatima. Watoto wake waliifuata kazi hiyo. Ordîxan na Celîl wakawa wanazuoni, na dada yao Cemîla akawa mtaalamu wa muziki. Walikusanya nyimbo, methali na ngano kutoka kwa wazee. Mwaka 1978 ndugu hao wawili walichapisha mjini Moscow vitabu viwili vikubwa vya fasihi simulizi ya Kikurdi. Baadaye Celîl alihamia Austria, na huko akaendeleza maktaba na utafiti wa mambo ya Wakurdi.

Familia moja ilibeba mzigo ambao kwingineko hubebwa na serikali. Wakurdi wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 30 na 40, lakini hawana nchi yao. Wamegawanyika hasa kati ya Uturuki, Iraq, Iran na Syria. Kwa hiyo msomi wao akifariki, hakuna ofisi ya taifa la Wakurdi ya kuja kuchukua masanduku yake ya karatasi. Yanabaki kwa mjane, kwa watoto au kwa rafiki. Siku hizi, pale watu wanapoweza, wanaanzisha wakfu.

Makala haya yanaeleza wakfu wa namna hiyo unavyoendeshwa. Tutakaa zaidi Istanbul, Uturuki, kwenye Wakfu wa İsmail Beşikçi.

Neno tunalolijua

Waturuki husema vakıf, Wakurdi husema weqf, sisi tunasema wakfu. Ni neno moja kutoka Kiarabu. Anayejua nyumba au shamba lililowekwa wakfu kwa ajili ya msikiti au madrasa pale Zanzibar, Lamu au Mombasa ameshaelewa nusu ya jambo hili. Mali inatolewa kwa kusudi fulani, na tangu hapo hairudi kwa aliyeitoa wala hairithiwi na watoto wake.

Tofauti iko kwenye mali yenyewe. Shamba la minazi linazaa, nazi zinauzwa, fedha zinakarabati msikiti. Wakfu wa msomi una vitabu, barua, picha na madaftari. Hivyo havizai kitu. Kinyume chake, vinakula fedha kila mwezi.

Beşikçi ni nani?

Jambo la kwanza linalowashangaza wengi ni kwamba si Mkurdi. İsmail Beşikçi ni Mturuki, amezaliwa mwaka 1939 katika mkoa wa Çorum. Alisoma siasa na utawala mjini Ankara. Alipokwenda jeshini alipelekwa Bitlis na Hakkâri, mikoa ya Wakurdi, na huko akakutana na watu ambao, kwa mujibu wa alivyofundishwa, hawakuwepo. Dola ilishikilia kwamba wote ni Waturuki. Yeye aliwasikia wakizungumza lugha nyingine kabisa.

Akawa mtafiti wa jamii katika chuo kikuu mjini Erzurum, akiandika kuhusu wafugaji wa kuhamahama wa Kikurdi. Mwaka 1969 alitoa kitabu kuhusu maisha na mpangilio wa jamii ya Anatolia Mashariki. Alipoteza kazi chuoni, na mwaka 1971 akafungwa kwa mara ya kwanza. Barua aliyoiandikia jumuiya ya waandishi wa Uswisi ilimletea kifungo kingine. Ukijumlisha, amekaa gerezani miaka 17. Kati ya vitabu vyake 36, vitabu 32 viliwahi kupigwa marufuku. Hata mchapishaji wake alifungwa.

Sasa fikiria kazi ya mtu anayetaka kukusanya maandishi ya mwandishi kama huyo. Kitabu kilichopigwa marufuku huwezi kukitegemea maktaba ya umma. Utakipata kwa msomaji aliyekificha, kama bado anacho. Na mafaili ya mahakama, ambayo kwa mtu mwingine yangekuwa aibu ya kufichwa, kwa Beşikçi ni sehemu ya kazi zake, maana utetezi wake mahakamani aliuandika kama anavyoandika utafiti.

Wakfu wenye jina lake ulianzishwa Istanbul mwaka 2012, na baadaye ukafungua tawi Diyarbakır, mji mkubwa wa Wakurdi kusini-mashariki mwa nchi. Una maktaba ya vitabu na majarida yanayohusu Wakurdi, na wanafunzi na watafiti huingia kusoma.

Sheria inasemaje?

Uturuki ina njia mbili za kawaida. Unaweza kuanzisha chama, ambacho kinahitaji waanzilishi wasiopungua saba, au wakfu, ambao unahitaji mali. Wakfu huanzishwa kwa hati rasmi au kwa wosia, kisha husajiliwa mahakamani. Kiwango cha chini cha mali ya kuanzia hupangwa upya kila mwaka. Baada ya hapo unakuwa chini ya jicho la Kurugenzi Kuu ya Wakfu, na kila mwaka unapeleka taarifa zako huko.

Kuna kipengele kimoja chenye uzito kuliko vyote. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Madai ya Uturuki kinasema wakfu hauwezi kuanzishwa kwa lengo la kuwasaidia watu wa asili fulani au jumuiya fulani. Ukisoma haraka unaona ni sheria nzuri ya kuzuia ubaguzi. Kwa Mkurdi anayetaka kutunza vitabu vya Kikurdi, ni mlango mwembamba. Huwezi kuandika kwenye hati kwamba wakfu wako ni kwa ajili ya Wakurdi. Unaandika utafiti, utamaduni, elimu, au jina la msomi. Kila neno katika hati hiyo linapimwa, kwa sababu neno moja linaweza kufungua kesi.

Tahadhari hiyo ina historia. Sheria namba 2932 ya mwaka 1983 ilizuia kuchapisha na kutangaza kwa Kikurdi bila hata kukitaja Kikurdi kwa jina. Iliondolewa mwaka 1991. Mwaka uliofuata Taasisi ya Kikurdi ya Istanbul ikaanzishwa, mwandishi Musa Anter akiwa mmoja wa waanzilishi. Aliuawa kwa risasi Diyarbakır Septemba mwaka huohuo. Taasisi yenyewe iliendelea kwa zaidi ya miaka 20, ikatoa kamusi na kufundisha lugha. Kisha likaja jaribio la mapinduzi la Julai 2016, na serikali ikaanza kufunga mashirika kwa amri za dharura. Taasisi hiyo ilifungwa mwishoni mwa mwaka huo.

Amri hizo zilieleza pia mali iende wapi. Shirika likifungwa, vilivyomo ndani vinachukuliwa na serikali. Chama, mali yake inakwenda Hazina. Wakfu, mali yake inakwenda Kurugenzi Kuu ya Wakfu. Kwa hiyo msimamizi wa maktaba ya aina hii anapofunga mlango jioni, anajua kwamba siku moja anaweza kukuta umefungwa na mwingine, na sanduku la barua halitakuwa lake tena.

Nakala nje ya nyumba

Jibu la Wakurdi kwa hatari hiyo ni la zamani: usiweke yai lako kwenye kiota kimoja. Gazeti la kwanza la Kikurdi, Kurdistan, lilianza Cairo mwaka 1898 mikononi mwa ukoo wa Bedirxan. Lilikimbizwa kutoka mji hadi mji, likachapishwa pia Geneva, London na Folkestone, likafikia matoleo 31. Miaka mingi baadaye, watafiti walipolitafuta, baadhi ya nakala walizikuta katika maktaba ya Ujerumani.

Leo kazi hiyo ni rahisi zaidi kwa kuwa kuna mashine za kuskani. Mjini Sulaymaniyah, upande wa Iraq, ndugu wawili, Rafiq na Sadiq Salih, walianzisha mwaka 2004 kituo kiitwacho Zheen, wakakusanya hati za mkono, picha na magazeti ya kale. Huko Wakurdi wana serikali ya jimbo lao, hivyo hofu ya kufungwa ni ndogo kuliko Istanbul. Mjini Paris kuna taasisi ya Kikurdi tangu 1983, na mwaka 1993 Ufaransa iliitambua rasmi kama wakfu wa manufaa ya umma. Ukurasa mmoja ukiwa na picha katika miji mitatu, mtu akivunja mlango wa mmoja hajapoteza kila kitu.

Lakini kuskani si kama kupiga picha ya harusi kwa simu. Karatasi ya bei nafuu ya zamani inakuwa ya njano na kuvunjika ukiikunja. Picha isiyo na maelezo ina thamani ndogo, kwa hiyo lazima mtu akae na mzee amuulize: huyu wa kushoto ni nani, hapa ni wapi, ilikuwa mwaka gani? Saa moja ya mashine huhitaji saa nyingi za kuuliza na kuandika.

Halafu kuna suala la herufi. Wakurdi wa Uturuki na Syria huandika kwa herufi za Kilatini, wa Iraq na Iran kwa herufi za Kiarabu zilizorekebishwa, na wa Umoja wa Kisovieti walitumia kwa muda mrefu herufi za Kirusi. Kijana wa Diyarbakır anaweza kushika kitabu cha Kikurdi cha Yerevan asiweze kusoma hata jina lake. Kiswahili nacho kiliandikwa kwa karne kadhaa kwa herufi za Kiarabu, na wengi wetu leo hatuwezi kusoma barua ya babu wa babu. Kwa hiyo wakfu ukitaka wasomaji, unabadilisha maandishi kutoka herufi moja hadi nyingine, na hiyo ni kazi ya mtu anayejua lugha vizuri, tena anayehitaji kulipwa.

Fedha zinatoka wapi?

Hapa ndipo taasisi nyingi ndogo huanguka, kimya kimya, bila polisi wala mahakama. Kodi ya nyumba, umeme, mshahara wa mkutubi mmoja. Vitabu vinavyouzwa havitoshi. Wafadhili wa nje wakija, huleta fedha za mradi wa miezi kadhaa, na mradi ukiisha kodi ya nyumba inabaki palepale. Wakurdi walioko Ujerumani na Sweden huchanga, hasa msomi anapokuwa na jina.

Tena kuna bei kupanda. Oktoba 2022 mfumuko rasmi wa bei Uturuki ulipita asilimia 85 kwa mwaka. Maana yake kilichouzwa lira 100 mwaka uliotangulia kilikaribia au kuzidi lira 185. Wakfu uliokuwa na akiba benki uliona akiba hiyo ikiyeyuka bila mtu kuigusa. Kwa maoni yangu, anayeanza leo angefanya vizuri kununua chumba chake mwenyewe kabla ya kununua kabati la vitabu.

Warithi nao

Kupewa masanduku si kupewa haki ya kuchapisha. Nchini Uturuki haki za mwandishi hudumu miaka 70 baada ya kifo chake, na zinakuwa za warithi. Mtoto mmoja akikubali na mwingine akakataa, kitabu kinakaa. Ndiyo maana wenye uzoefu huandikiana mkataba siku ileile ya kupokea karatasi, wakiwa bado wanakunywa chai pamoja.

Mfano wa Celadet Alî Bedirxan, wa ukoo uleule wa gazeti la 1898, unaeleza gharama ya kuchelewa. Ndiye aliyewapa Wakurdi alfabeti ya Kilatini yenye herufi 31 kupitia jarida lake Hawar, lililotoka Damascus mwaka 1932 hadi 1943 katika matoleo 57. Mwisho wa maisha yake alikuwa mkulima mwenye shida ya fedha, akafariki mwaka 1951 kwa kutumbukia kisimani. Sarufi aliyoiandaa pamoja na Mfaransa Roger Lescot ilichapishwa Paris mwaka 1970. Ni miaka 19 baada ya kifo chake, na katika miaka hiyo 19 aliyekuwa na swali kuhusu ukurasa wowote hakuweza kumuuliza Celadet mwenyewe.

Wakfu wa Beşikçi ulianza yeye mwenyewe akiwa hai, na umri wa miaka 73. Waanzilishi waliweza kumwekea picha mezani na kumuuliza: huyu wa kushoto ni nani?