Majivu ya mpunga ndani ya beto: nguvu inachelewa, lakini inafika



Hapa Kindu simenti inatoka mbali, kwa reli ao kwa barabara. Njia ikiharibika, bei inapanda. Na nyuma ya mashini za kutwanga, maganda ya mpunga yanachomwa bure. Je, majivu yake yanaweza kupunguza simenti kwenye uwanja wa kuanikia mpunga? Ndiyo, lakini kwa masharti.

Maganda yana silika nyingi. Simenti ikikutana na maji, inatoa chokaa ambayo haiongezi nguvu. Silika ya majivu inashika chokaa hiyo polepole na kuigeuza kuwa gundi, tena inaziba vitundu vidogo ndani ya beto. Kazi hii inadai wiki nyingi. Siku ya 7, beto ya majivu inaweza kuwa zaifu kuliko ya simenti tupu. Kati ya siku ya 28 na 90 inaifikia, hata kuipita, na maji hayapenyi kwa urahisi.

Hasara inatoka kwa haraka: uwanja unaachwa ukauke siku ya pili, magunia yanapangwa juu ya wiki moja, na nyufa zinaonekana. Beto ikikauka mapema, majivu hayafanye kazi tena.

Mufuate haya:

1. Musichome kwa moto mkali sana. Ukipita digri 700 hivi, silika inakuwa ngumu na haishike chokaa. Majivu ya kijivu ni mazuri. Meusi bado yana makaa.
2. Musage na kuchekecha mpaka yawe laini kama unga. Mufunike pua na mdomo, vumbi lake linaumiza mapafu.
3. Kwa kilo 50, muweke simenti 45 na majivu 5. Mupime kwa kilo, si kwa ndoo, kwani majivu ni mepesi.
4. Musiongeze maji ovyo.
5. Mufunike beto na kuilowesha siku 14, na musiweke mzigo mzito mbele ya siku 28.

Tani 1 ya mpunga inatoa karibu kilo 200 za maganda, na hizo kilo 40 za majivu: inatosha michanganyiko 8 ya kilo 50.

Muanze na kipande kidogo cha uwanja. Nguzo na boriti zenye vyuma muziachie simenti tupu, mpaka fundi mwenye ujuzi apime. Mpunga haukomae kwa siku moja. Na beto hii vilevile.