Mifereji ya Wafalme wa Hampi

Ukifika Hampi, kusini mwa India, utaona magofu mengi. Hapa palikuwa na Vijayanagara, mji mkuu wa wafalme. Mwaka 1565 jeshi lao lilishindwa vitani. Maadui waliuteka mji, wakaupora na kuuchoma moto. Majumba mengi ya kifalme yalikuwa na nguzo za mbao. Mbao ziliteketea. Misingi ya mawe ipo hadi leo.

Watu hutazama misingi hiyo, kisha huondoka. Wewe nenda ukaone mifereji. Wafalme walichimbisha mifereji ili kuleta maji ya mto Tungabhadra mashambani. Mingine bado inatumika! Wakulima humwagilia mpunga, miwa na migomba. Katikati ya magofu utakuta shamba limestawi, na maji yanapita.