Kuacha au Kusimamisha? Dawa za Kuzuia Damu Kuganda Kabla ya Upasuaji na Lugha ya Kumweleza Mgonjwa Mjini Lubumbashi

1.0 Utangulizi

Mjini Lubumbashi mwanafunzi wa tiba hufundishwa kwa Kifaransa, lakini mgonjwa atakayemhudumia humweleza maumivu yake kwa Kiswahili. Hali hii si ngeni kwa wasomaji wetu. Tangu mji ulipoanzishwa mwaka 1910, Kiswahili kimekuwa lugha ya kambi za wafanyakazi, soko na nyumba, na Katiba ya mwaka 2006 inakihesabu miongoni mwa lugha nne za taifa. Hata hivyo, mafunzo ya Kitivo cha Tiba hayatolewi kwa lugha hiyo. Kila daktari, basi, ni mfasiri, apende asipende.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja ambamo tafsiri hiyo huweza kuleta madhara makubwa. Mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anatakiwa kung'olewa jino, kuondolewa mtoto wa jicho, au kupasuliwa tumbo. Je, aendelee kumeza dawa yake, au aisimamishe? Swali hili ni la kitiba, na utafiti wa miaka ya karibuni umelitolea majibu yaliyo wazi. Lakini majibu hayo humfikia mgonjwa kwa njia ya maneno, na tutajaribu kuonyesha kwamba baadhi ya maneno tuliyoyazoea humwelekeza pabaya.

2.0 Majina ya Dawa

Kifaransa cha kawaida husema kwamba dawa hizi hufanya damu iwe nyepesi. Kutokana na msemo huo, Kiswahili kimepata majina kama "dawa ya kupunguza damu" na "dawa ya kuyeyusha damu". Majina haya ni mafupi na husemeka kwa urahisi, lakini yana kasoro.

Tuanze na la kwanza. Kwa msemaji wa Kiswahili, upungufu wa damu ni ugonjwa. Ni ule unaomfanya mtoto mwenye malaria kali aongezewe damu, na unaomdhoofisha mama baada ya kujifungua. Mtu anayepewa dawa ya "kupunguza damu" ana haki ya kushangaa: mbona ninyi ndio mnaotuhimiza tuongeze damu? Jina la pili nalo humtia hofu ya namna nyingine. Kilichoyeyuka hutiririka, basi mgonjwa huamini kwamba jeraha dogo tu litammaliza. Kwa majina yote mawili, akili ya kawaida humshauri aitupe dawa mara aonapo kisu au koleo ya daktari wa meno.

Ukweli ni kwamba dawa hizi hazipunguzi damu wala haziyeyushi. Kiasi cha damu mwilini hubaki kile kile. Kinachobadilika ni muda ambao damu huchukua hadi kuganda. Kitenzi "kuganda" kinafahamika na kila mtu, kwani hutumika pia kwa mafuta na maziwa. Kiswahili kina kitenzi kingine, "kuvilia", cha kueleza damu inayokusanyika chini ya ngozi baada ya pigo. Kwa hiyo lugha haikosi msamiati. Katika makala haya tutatumia "dawa za kuzuia damu kuganda". Jina hili ni refu, lakini halimwogofyi mtu bila sababu.

3.0 Dawa Zenyewe na Kazi Yake

Dawa ya kumeza iliyotumika kwa muda mrefu zaidi ni warfarini. Asili yake ni ugonjwa wa ng'ombe wa Amerika ya Kaskazini katika miaka ya 1920, waliotokwa damu hadi kufa baada ya kula majani makavu yaliyooza. Karl Paul Link na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin waligundua kemikali iliyosababisha maafa hayo. Kutokana na kemikali hiyo ilitengenezwa warfarini, iliyouzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948, kisha ikaanza kutumiwa kwa binadamu katika miaka ya 1950. Rais Eisenhower wa Marekani alipewa dawa hiyo baada ya kupatwa na mshtuko wa moyo mwaka 1955.

Warfarini huzuia kazi ya vitamini K, ambayo ini huihitaji ili kutengeneza baadhi ya viini vya kugandisha damu. Vitamini hiyo imo kwa wingi katika majani mabichi, na hapa ndipo meza ya Lubumbashi inapohusika. Mla bukari kwa sombe, lengalenga au matembele hapaswi kuyaacha majani hayo. Anapaswa kuyala kwa kiasi kisichobadilika sana, kwa kuwa dozi yake hupangwa kulingana na chakula chake. Nguvu ya dawa hupimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR, na kwa wagonjwa wengi hutakiwa iwe kati ya 2 na 3.

Wanaohitaji dawa hizi ni watu wenye vali ya moyo ya chuma, wale ambao moyo wao hupiga bila mpango, na wale waliopata bonge la damu mguuni au mapafuni. Katika Afrika wengi wao ni vijana ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaotokana na maambukizo ya koo yasiyotibiwa utotoni. Kwa watu hawa, bonge dogo likitoka moyoni na kupanda hadi kwenye ubongo huleta kiharusi. Mwaka 2022 utafiti uitwao INVICTUS, uliowashirikisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa aina hii wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpango, dawa za jamii ya warfarini huokoa maisha zaidi ya rivaroksabani, ambayo ni dawa mpya. Warfarini, basi, bado ni dawa ya leo.

4.0 Ni Lini Dawa Isimamishwe?

Kanuni ya msingi ni kupima hatari mbili: damu kutoka, na damu kuganda. Hatari ya kwanza huonekana kwa macho, nayo aghalabu hudhibitiwa kwa kukandamiza jeraha au kulishona. Ya pili haionekani mpaka imekwisha kutokea, na mara nyingi haiponyeki.

Kwa huduma ndogo, dawa kwa kawaida haisimamishwi. Katika kundi hili zimo kung'oa jino moja au mawili, kuondoa mtoto wa jicho, kupasua uvimbe mdogo wa ngozi, na kuchunguza tumbo kwa mpira wenye kamera. Anayemeza warfarini hupimwa INR siku chache kabla. Ikiwa haijapita kiwango kilichowekwa, jino hung'olewa, tundu hushonwa, na mgonjwa huuma pamba kwa muda. Tahadhari moja husahaulika. Metronidazoli, ambayo mara nyingi huandikwa kwa maambukizo ya meno, huzidisha sana nguvu ya warfarini, na vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huongeza uwezekano wa kutokwa damu. Damu inayotoka siku ya nne baada ya jino kung'olewa huenda ikawa imesababishwa na dawa zilizoandikwa siku hiyo, ilhali warfarini ndiyo inayolaumiwa.

Kwa upasuaji mkubwa wa tumbo, nyonga au tezi ya kiume, na hasa wa ubongo au uti wa mgongo, dawa husimamishwa. Warfarini huachwa kwa siku tano kabla, kwa sababu nguvu yake hupungua polepole. Rivaroksabani na apiksabani hutoka mwilini upesi zaidi: kwa kawaida huachwa siku moja kabla ya upasuaji wa hatari ndogo, na siku mbili kabla ya ule wa hatari kubwa, mradi figo ni nzima.

Zamani madaktari wengi walilijaza pengo hilo kwa sindano za heparini. Mwaka 2015 utafiti uitwao BRIDGE, uliofanywa kwa wagonjwa 1,884 wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpango, ulionyesha kwamba waliochomwa sindano hizo hawakukingwa zaidi dhidi ya mabonge, lakini waliotokwa damu nyingi walikuwa asilimia 3.2, ikilinganishwa na asilimia 1.3 ya wale wasiochomwa. Hivyo sindano hizo sasa hufikiriwa kwa wachache tu, kama wenye vali ya chuma upande wa kushoto wa moyo au waliopata kiharusi karibuni. Uamuzi huo ni wa daktari anayemjua mgonjwa.

5.0 "Acha Kwanza"

Sasa turudi kwenye lugha. Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mwenye vali ya chuma anaambiwa, "Mama, dawa ile uiache kwanza." Anajibu, "Ndiyo, dokta," anafanyiwa upasuaji, anapona kidonda, anarudi nyumbani. Neno "kwanza" kwa daktari lilimaanisha "kwa muda". Lakini halikutaja mwisho wa muda huo. Mama ameambiwa aache; hakuambiwa aanze. Tena, dawa anazozifahamu zaidi, kama zile za malaria, zina dozi inayokwisha. Dawa iliyoachwa na isiyoleta maumivu yoyote ilipoachwa huonekana imemaliza kazi yake.

Kitenzi "kuacha" hakina mpaka wa wakati: mtu huacha pombe, huacha shule, huacha mke. "Kusimamisha" kunaashiria kitu kitakachoendelea tena, lakini nacho hakitoshi peke yake. Kinachotosha ni siku. Kwa mfano:

"Baba, kidonge cha mwisho utameza Jumatano jioni. Kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu usimeze. Jumanne tutakupasua. Kabla hujatoka hospitalini tutakuambia siku na saa ya kuanza tena. Tukisahau, utuulize."

Maagizo haya yana sehemu tatu: siku ya mwisho ya kumeza, siku ya upasuaji, na agizo la kuanza tena. La tatu ndilo linaloachwa mara nyingi, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa kuwa warfarini ikianzwa upya huchukua siku tano au zaidi kurudia nguvu yake. Kila siku ya kuchelewa huongezeka juu ya pengo ambalo tayari ni refu. Kwa huduma ndogo sentensi ni fupi zaidi: "Mama, jino hili tutaling'oa huku ukiendelea na dawa yako. Usiruke hata siku moja."

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba kwa huduma nyingi ndogo dawa za kuzuia damu kuganda haziachwi. Kwamba kwa upasuaji mkubwa husimamishwa kwa siku zinazohesabika. Na kwamba mgonjwa hapaswi kuamua mwenyewe wala kuamuliwa na muuza dawa. Tumeona pia kwamba jina lisilofaa na kitenzi kisicho na mpaka vyaweza kubatilisha ushauri ulio sahihi.

Kazi hii inawahusu wanaisimu kama inavyowahusu madaktari. Kitivo cha Tiba na idara za lugha vimo katika Chuo Kikuu kimoja. Karatasi moja ya Kiswahili fasaha, yenye nafasi ya kuandika tarehe tatu, ingeweza kuandaliwa kwa pamoja na kujaribiwa kwa wagonjwa wenyewe: wairudie kwa maneno yao, nasi tusikilize wapi wanakwama. Hapo ndipo tutakapojua kama tumetafsiri.