Kumpata Mfasiri wa Matini za Uhandisi: Funzo Kutoka Kidenmark

Mashamba ya mpunga ya Ahero, karibu na Kisumu, hunyweshwa kwa maji yanayovutwa kwa pampu kutoka Mto Nyando. Yale ya Kano Magharibi hutegemea maji ya Ziwa Viktoria. Pampu ikinyamaza, mpunga hukauka. Hata hivyo, maelekezo ya mashine za aina hii aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kumpata mfasiri aiwezaye kazi hiyo, kwa kulinganisha Kiswahili na Kidenmark.

Kidenmark kina wasemaji wapatao milioni 6 tu, lakini wafasiri wake wa uhandisi wana kazi. Sababu ya kwanza ni sheria: agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2006 kuhusu mitambo lilitaka mashine inayouzwa Denmark iandamane na maelekezo ya Kidenmark.

Sababu ya pili ni istilahi. Katika vijitabu vya pampu, neno la Kiingereza lenye maana ya "kichwa" hutaja kimo ambacho pampu inaweza kuyainua maji. Mfasiri asiyeijua pampu ataandika "kichwa", na fundi atakitafuta asikione. Wadenmark husema løftehøjde, yaani kimo cha kuinua. Kiswahili nacho kinaweza kusema "kimo cha kuinua maji", na fundi akaelewa mara moja.

Basi anayetafuta mfasiri azingatie mambo matatu. Kwanza, ampe ukurasa mmoja wa majaribio wenye jedwali na onyo la hatari, kisha fundi ausome na kueleza alichoelewa. Pili, waafikiane kuhusu orodha ya istilahi kabla ya kazi kuanza: ikiwa ni "kanieneo", lisigeuke "shinikizo" ukurasa wa pili. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ni msaada mzuri. Tatu, tafsiri ipitiwe na mtu wa pili, kama kinavyotaka kiwango cha kimataifa ISO 17100 cha mwaka 2015.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini katiba haitengenezi pampu. Ndugu mwanafunzi wa Kiswahili, mtafute mwenzako wa uhandisi, mkae pamoja mbele ya mashine, mwanzie hapo.